Kuchagua Springi za Nyuma za Pikipiki Zinazolingana na Uzito: Somo kwa Mnunuzi Anayeanza



Ruaha Mbuyuni ni kituo cha biashara katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, kabla msafiri hajaanza kuupanda mlima wa Kitonga. Bonde hilo lenye joto na mibuyu hulimwa vitunguu kwa umwagiliaji, na pikipiki ni miongoni mwa vyombo vinavyovitoa vitunguu hivyo mashambani hadi barabarani. Siku hiyo hiyo, pikipiki iliyobeba gunia asubuhi huweza kubeba abiria jioni.

Kijana anayenunua pikipiki yake ya kwanza kwa kazi hiyo huambiwa mapema kwamba shokapu za kiwandani ni laini na kwamba hana budi kufunga ngumu zaidi. Ushauri huo huweza kuwa sahihi. Huweza pia kumpotezea fedha na kumhatarisha yeye na abiria wake. Hakuna awezaye kujua ni lipi kati ya hayo kabla uzito haujapimwa, kwa kuwa springi huchaguliwa kwa uzito itakaoubeba.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji aweze:

(a) kueleza maana ya ugumu wa springi;
(b) kupima mwenyewe, kwa futikamba, kama springi alizonazo zinamfaa;
(c) kutofautisha kasoro inayohitaji kununua springi mpya na ile inayohitaji kurekebisha tu;
(d) kumweleza muuzaji mahitaji yake kwa namna inayolinda haki zake.

1. Springi na ugumu wake

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wanaitumia hadi leo: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito iliowekewa. Uzito ukiongezeka maradufu, kubonyea nako huongezeka maradufu, mradi springi haijafika mwisho wake. Kwa hiyo ugumu wa springi ni idadi ya kilo zinazohitajika ili ibonyee milimita moja. Springi inayohitaji kilo 3 kwa milimita ni ngumu kuliko inayohitaji kilo 2.

Ugumu huo hutokana na mambo matatu yanayoonekana kwa macho: unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote. Springi mbili zikiwa sawa kwa kila jambo, isipokuwa moja ina waya wa milimita 7 na nyingine milimita 8, ile ya pili huwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 70. Mnunuzi anayeambiwa kwamba tofauti ni "milimita moja tu" hana budi kulikumbuka hilo.

Shokapu ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito. Ndani yake mna bomba lenye mafuta, ambalo kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo. Bomba hilo limetengenezwa kwa springi ya ugumu fulani. Springi ngumu zaidi ikifungwa juu ya bomba lile lile, mafuta hushindwa kuizuia na pikipiki huendelea kudunda baada ya kila tuta. Ndiyo sababu inashauriwa kununua shokapu kamili, na kuzinunua kwa jozi.

2. Mfano kutoka katika mchezo wa kuruka

Upo mchezo ambao hauruhusu kubahatisha katika jambo hili. Mjerumani Alexander Böck, aliyepewa hataza nchini Marekani mwaka 2004, alibuni miguu ya kurukia: vyuma vinavyofungwa miguuni, vyenye springi bapa ya fiberiglasi nyuma yake, ambavyo humwezesha mtu kukimbia na kuruka juu kuliko kawaida. Springi zake huuzwa kwa madaraja ya uzito wa mwili. Swali la kwanza ambalo mnunuzi huulizwa ni: una kilo ngapi?

Anayeanza huvutwa na daraja la juu, akidhani kwamba springi ngumu itamrusha juu zaidi. Ikimzidi uzito, hushindwa kuibonyeza. Isipobonyea haimrushi, bali humwacha akiyumba juu ya vyuma virefu. Ikiwa laini mno, hubonyea hadi mwisho na huweza kuvunjika. Kwa hiyo anayeanza huchukua daraja la uzito wake halisi.

Springi ya pikipiki hutii kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba katika maduka mengi ya vipuri haina maandishi ya kilo, hivyo kazi ya kupima humwangukia mnunuzi.

3. Dalili za springi isiyofaa

Springi laini mno kwa mzigo wake hujulikana hivi:

- Pikipiki huinama nyuma na taa ya mbele huelekea juu, ikiwapofusha wanaokuja.
- Kwenye shimo husikika mgongano wa chuma kwa chuma, au tairi hugusa madigadi.
- Kwenye mwinuko kama wa Kitonga, uzito huhamia nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza utii. Hali hiyo ni ya hatari hasa pale malori yanapopishana katika kona.

Springi ngumu mno hujulikana hivi:

- Dereva akiwa peke yake, sehemu ya nyuma haishuki karibu kabisa anapokaa.
- Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, gurudumu la nyuma hurukaruka. Tairi lisilogusa ardhi halina breki.
- Mshtuko usiomezwa na springi hupelekwa kwenye fremu, kwenye keria na kwenye mgongo wa dereva. Maungio ya fremu huanza kupata nyufa.

Watu wengi huiogopa springi laini kwa sababu inaonekana. Ile ngumu husifiwa kuwa "imara", ilhali humwondolea dereva breki pale anapozihitaji zaidi.

4. Namna ya kupima

Vinavyohitajika ni futikamba, chaki, mtu wa kusaidia, na mzigo wa kilo 50 uliopimwa kwenye mizani. Mzigo wa kukadiria kwa macho utaharibu hesabu yote. Zungusha kwanza pete ya kukazia, iliyo chini ya springi, hadi ngazi ya chini kabisa pande zote mbili.

Hatua ya kwanza. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Weka alama ya chaki kwenye fremu, juu wima ya nati ya ekseli ya nyuma. Pima kutoka nati hadi alama. Andika kipimo A.

Hatua ya pili. Shusha pikipiki ardhini, ikiwa tupu. Ibonyeze mara mbili kwa mkono, iache itulie, kisha pima. Andika kipimo B.

Hatua ya tatu. Dereva apande akiwa na kofia ngumu na mavazi yake ya kazi, akae anapokaa siku zote. Msaidizi aishikilie pikipiki isiegemee upande. Pima. Andika kipimo C.

Hatua ya nne. Dereva akiwa bado juu, funga kilo 50 kwenye keria, karibu kadiri iwezekanavyo na juu ya ekseli. Pima. Andika kipimo D.

Rudia kila kipimo mara mbili na uchukue wastani. Tafuta pia, katika kijitabu cha mtengenezaji, urefu wa safari ya gurudumu la nyuma, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka.

5. Namna ya kuyasoma majibu

Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo safari yake ni milimita 100, na vipimo vyake ni hivi:

A = 450; B = 440; C = 428; D = 408.

Pikipiki tupu imeshuka milimita 10 (A kutoa B). Dereva alipokaa, jumla imekuwa milimita 22 (A kutoa C). Kilo 50 zilipoongezwa, jumla imekuwa milimita 42 (A kutoa D).

Kilo 50 zimeishusha milimita 20, kutoka 428 hadi 408. Gawanya 50 kwa 20: jibu ni kilo 2.5 kwa kila milimita. Huo ndio ugumu wa jozi nzima kama unavyohisiwa kwenye gurudumu. Ukijaribu jozi nyingine juu ya pikipiki hiyo hiyo, kwa mzigo huo huo, utapata namba ya kulinganisha isiyotegemea maneno ya mtu.

Sasa chukua mzigo wako wa kila siku. Ikiwa ni abiria wa kilo 75, gawanya 75 kwa 2.5: atashusha milimita 30. Ongeza 22 za dereva: jumla ni 52.

Kanuni ya kukumbuka ni hii:

- Kwa mzigo wa kila siku, kushuka kwa robo hadi theluthi ya safari ni kuzuri sana.
- Kati ya theluthi na nusu panavumilika, mradi njia si mbovu sana.
- Zaidi ya nusu, springi imelemewa na haina nafasi ya kutosha kumeza shimo.
- Chini ya robo, mzigo wa kila siku ukiwa juu yake, springi ni ngumu kuliko inavyohitajika.

Katika mfano wetu, milimita 52 kati ya 100 zimevuka nusu kidogo. Je, mwenye pikipiki hii akanunue shokapu mpya? Asifanye haraka.

6. Pete ya kukazia

Pikipiki nyingi za kazi zina pete yenye ngazi chini ya kila springi. Ukiizungusha kupanda ngazi, sehemu ya nyuma huinuka. Haibadilishi ugumu: kilo 50 zitaendelea kushusha milimita 20 zile zile. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia.

Tuseme pete, katika mfano wetu, inainua milimita 10. Abiria yule yule sasa atafikisha milimita 42 badala ya 52, na pikipiki imerudi chini ya nusu bila kununua chochote. Abiria akishuka, pete irudishwe chini, kwa sababu dereva peke yake juu ya pete iliyokazwa huketi karibu na kikomo cha juu na gurudumu hukosa nafasi ya kushuka kufuata mashimo. Pande zote mbili ziwe katika ngazi moja daima.

Ikiwa pete imefika ngazi ya mwisho, mzigo ni halali, na kushuka bado kumezidi nusu, hapo ndipo springi ngumu zaidi inahitajika. Jozi yenye kilo 3 kwa milimita ingemshusha abiria wa kilo 75 kwa milimita 25 badala ya 30. Panda daraja moja kwa wakati mmoja, kisha pima tena.

7. Njia za mkato zinazodhuru

Kukata mizunguko. Springi yenye mizunguko 12 ikikatwa hadi 9 huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, lakini pia huwa fupi. Pikipiki huinama, na ncha iliyokatwa hailali vizuri kwenye kikalio chake.

Kupasha moto. Chuma cha springi hupata tabia yake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani. Moto wa gesi gereji huiondoa tabia hiyo. Springi hubonyea na hairudi, au huvunjika ghafla.

Kubana vipande vya mpira kati ya mizunguko. Mizunguko iliyozuiwa haifanyi kazi, na mzigo wote hubebwa na iliyobaki. Hiyo huchoka mapema.

Kubadili upande mmoja. Shokapu mbili zenye ugumu tofauti huupinda mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na pikipiki huvutia upande mmoja, hasa wakati wa kufunga breki.

8. Mpaka ambao springi haiwezi kuuvusha

Kila mtengenezaji hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao ni jumla ya pikipiki, dereva, abiria na mzigo. Tuseme uzito wa juu ni kilo 280 na pikipiki tupu ina kilo 130. Zinabaki kilo 150. Dereva wa kilo 70 akipanda, zinabaki 80. Kilo hizo 80 ndizo zote, ziwe za abiria au za gunia.

Kufunga springi ngumu hakuiongezi namba hiyo hata kilo moja. Breki, tairi, spoku na fremu ni vile vile. Springi ngumu huficha tu kuinama ambako kungemwonya dereva kwamba amezidisha. Pikipiki iliyobeba "mshikaki" na bado imesimama wima si salama kuliko ile iliyoinama. Breki zake zimelemewa vile vile.

Hapa ndipo lumbesa inapoingia. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, mazao ya shamba hayaruhusiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Gunia la vitunguu lililoshonewa kilemba juu huvuka kiwango hicho, na uzito wake halisi haujulikani na yeyote. Mkulima hupunjwa bei, na dereva hubebeshwa mzigo asioweza kuupigia hesabu. Katika mfano wetu, hata gunia halali la kilo 100 halibebeki. Ligawanywe safari mbili au litafutiwe chombo kingine. Usichague springi kwa ajili ya lumbesa ya msimu wa mavuno, ukaitembelea mwaka mzima.

9. Dukani

Nenda na vipimo vyako vilivyoandikwa, na ikiwezekana na shokapu ya zamani. Kagua yafuatayo kabla ya kulipa:

- Urefu kutoka tundu la juu hadi tundu la chini uwe sawa na wa zamani, na matundu yaingie boliti zako.
- Jozi ifanane: unene wa waya, idadi ya mizunguko na urefu.
- Ukiibonyeza na kuiachia, irudi polepole kwa utulivu. Inayochomoka kwa kishindo haina mafuta ya kutosha.
- Kusiwe na dalili ya mafuta yanayovuja kwenye sili, wala kutu kwenye fimbo ya katikati.
- Kifungashio kiwe na jina la mtengenezaji, namba ya kipuri na nchi ya asili. Maandishi yenye makosa ya herufi ni dalili ya bidhaa bandia.
- Iliyotumika ilinganishwe urefu na mpya ya aina yake. Springi iliyofupika imekwisha choka.

Mazungumzo na yawe ya wazi, kwa mfano:

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba, kijana. Nikusaidie nini?
— Nahitaji shokapu za nyuma, jozi. Mimi nina kilo 70, nabeba abiria mmoja au mzigo usiozidi kilo 80, njia ya vumbi. Za sasa zinashuka zaidi ya nusu hata pete ikiwa ngazi ya mwisho. Unanishauri zipi?
— Chukua hizi.
— Ahsante. Naomba uniandikie kwenye risiti kwamba ni za matumizi hayo.

10. Kwa nini maneno hayo yaandikwe

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huweka sharti ndani ya mauziano, hata kama halikutamkwa: mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akionyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na bidhaa ni ya aina ambayo muuzaji huiuza katika shughuli zake, bidhaa hiyo sharti ifae kwa matumizi hayo. Lakini mnunuzi anayeagiza bidhaa mahsusi kwa jina lake la kibiashara pekee huweza kuikosa kinga hiyo. Anayesema "nipe zile ngumu za jina fulani" amechagua mwenyewe. Anayesema "nina kilo 70, nabeba 80" amemwachia muuzaji wajibu wa kuchagua.

Dai risiti ya EFD na uitunze. Bidhaa ikionyesha kasoro, acha kuitumia, usiruhusu fundi aifungue, na uirudishe kwa muuzaji mapema pamoja na risiti. Ukishindwa kuelewana naye, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, na ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Shaka kuhusu ubora na viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na lumbesa na mizani isiyo sahihi huripotiwa Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Kilo 50 zimeshusha pikipiki milimita 25. Ugumu wake kwenye gurudumu ni kilo ngapi kwa milimita?
2. Pikipiki hiyo ina safari ya milimita 110, na dereva peke yake ameishusha milimita 25. Abiria wa kilo 60 akipanda, je, springi imelemewa?
3. Fundi anapendekeza kukaza pete ili "kuongeza ugumu". Msahihishe.
4. Uzito wa juu ni kilo 270, pikipiki tupu kilo 125, dereva kilo 75. Mzigo halali ni kilo ngapi?

Majibu

1. Kilo 2.
2. Abiria atashusha milimita 30. Jumla ni 55, yaani nusu kamili. Imefika kikomo. Apandishe pete kwanza, kisha apime tena.
3. Pete huinua pikipiki. Ugumu hubaki ule ule.
4. Kilo 70.